Walimu Wawili Waliopotewa na Sauti



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Ijumaa, alitujia kijana mmoja wa hapa kwetu, ambaye tulimsomesha Kiswahili cha Jumamosi alipokuwa mtoto na sasa ni mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za nyumbani, alituomba tuketi kando kidogo, pale penye makabati ya viatu, kwani alikuwa na swali. Kazini kwake yuko mwenzake Mkristo, mtu wa dini hasa, si wa jina tu, ambaye kila Jumamosi asubuhi huenda kanisani kwao kwenye mkutano wa wanaume. Hawaendi kuimba wala kuhubiriwa. Huketi wakanywa chai, wakazungumza juu ya jambo moja: mwanamume ni nani akiondolewa kazi yake, mshahara wake na sifa anazopewa na watu? Kila mgeni anayeingia hutakiwa ajitambulishe bila ya kutaja kazi aifanyayo, nyumba aliyoinunua, wala shahada za watoto wake. Wengi, alisema yule mwenzake, hukwama papo hapo.

Kijana wetu alilijaribu zoezi hilo peke yake ndani ya basi, akirudi nyumbani. Naye akakwama. Ndipo alipotuuliza: "Maalim, wenzetu hawa jambo hili wamelikalia kitako. Sisi tuna nini?"

Tulimjibu kwa haraka, kama wajibuvyo walimu wasiotaka kuonekana kuwa hawajui, ya kwamba sisi tunayo mengi, ila vijana hamsomi. Halikuwa jibu lile. Usiku tulilijaribu zoezi wenyewe mbele ya kioo. Neno la kwanza lililotutoka lilikuwa "mwalimu", kazi ambayo tumeiacha tangu miaka sita iliyopita. La pili likawa ni jina la chuo kikuu tulichosoma. Neno la tatu halikuja.

Basi makala ya mwezi huu ni jibu letu la pili kwa kijana yule. Iko na sababu nyingine ya kuiandika, ambayo tutaifikia.

Tuanze na mtu wa upande wao, kwa kuwa swali limetoka kwao. Wakristo wa Magharibi wana mwanachuoni mkubwa waitaye Mtakatifu Augustino. Wengi wetu tukilisikia jina hilo hudhani kuwa ni Mzungu. Alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Aljeria, na alifariki mwaka 430, yapata miaka 140 kabla ya kuzaliwa Mtume wetu (s.a.w.). Baba yake alikuwa mtu wa mali kidogo aliyejinyima ili mwanawe asome. Ulifika mwaka fedha zikapungua, na kijana wa miaka 16 akakaa nyumbani pasi na masomo mpaka karo ilipopatikana. Hadithi hii wako wasomaji wetu wasiohitaji kusimuliwa.

Alisoma Carthage, akafundisha huko, kisha mwaka 383 akavuka bahari kwenda Roma kutafuta maisha, na mwaka uliofuata akapata kazi kubwa kuliko zote za fani yake: mwalimu wa ufasaha katika mji wa Milano, ambako ndiko kulikokuwa na makao ya mfalme. Kazi yenyewe ilikuwa ni kuwafundisha vijana wa wakubwa namna ya kusema, na pia kutunga hotuba za kumsifu mfalme na kuzisoma hadharani. Mama yake mjane, Monika, alivuka bahari akamfuata. Na pamoja na cheo chote hicho, ameandika mwenyewe kwamba Waitaliano walikuwa bado wakimkosoa lafudhi yake ya Kiafrika. Mwalimu wa ufasaha wa mji wa kifalme, na matamshi yake yanasahihishwa! Sisi tuliofundisha katika skuli za nchi hii tumecheka peke yetu tuliposoma hapo, kisha tukaacha kucheka.

Ili apande zaidi ilibidi aoe binti wa nyumba yenye mali. Mwanamke aliyeishi naye miaka mingi na kumzalia mtoto wa kiume akarudishwa Afrika. Augustino ameandika kwamba moyo wake ulijeruhiwa ukatoka damu. Lakini alimwacha aende, na katika kitabu chake chote jina la mwanamke huyo hakulitaja. Hapa hatumtetei.

Siku moja alikuwa njiani akijitayarisha kwenda kusoma hotuba ya kumsifu mfalme. Anakiri kwamba mengi katika hotuba ile yalikuwa uongo, na kwamba wale ambao wangempigia makofi walijua kuwa ni uongo. Katika mtaa mmoja wa Milano akamwona ombaomba aliyekwisha kunywa, anacheka na kufanya mzaha. Akasimama. Akawaambia rafiki zake kwamba raha ambayo wao wanaitafuta kwa mateso yote haya, mtu huyu ameipata kwa vijisenti vichache vya kuombaomba. Si raha ya kweli, alisema, lakini ile aliyokuwa akiitafuta yeye ilikuwa ya uongo zaidi. Kwani mlevi yule angelala usiku ule ulevi ukamtoka, ilhali yeye alilala na kuamka na ulevi wake kila siku.

Kisha mwili ukakataa. Katika majira ya joto ya mwaka 386 kifua kilimbana, pumzi ikawa ya shida, na sauti, ambayo ndiyo iliyokuwa chombo chake cha kazi, ikaanza kumpotea. Moyo wake nao ulikuwa umekwisha kugeuka katika mambo ya dini yake. Akasubiri siku kama 20 hivi mpaka likizo ya mavuno ya zabibu, halafu akawapelekea watu wa Milano habari kwamba wawatafutie vijana wao muuza maneno mwingine. Analo neno moja la ukweli hapo ambalo tumelipenda: alifurahi kwamba maradhi yalimpa udhuru usiokuwa wa uongo, ili wazazi wa wanafunzi wasimchukie. Hata alipokuwa akiikimbia rai ya watu bado alikuwa akiiogopa rai ya watu.

Alirudi Afrika mwaka 388 na akaishia kuwa askofu wa mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba. Mafundisho yaliyomtoka katika maisha hayo ni kwamba thamani ya mtu ni zawadi ya Mungu, wala mtu haichumi kwa juhudi yake. Juu ya jambo hilo aligombana kwa miaka mingi na mwanachuoni mwingine, Pelagius, aliyetoka katika kisiwa hiki hiki tunachoishi na aliyesisitiza uwezo wa mtu kutenda mema kwa jitihada zake. Sisi Waislamu hatumo katika ugomvi huo, kwani hatuna itikadi ya dhambi ya kurithi ambayo ndiyo mzizi wake. Lakini yule muungwana wa Jumamosi anayeketi kanisani na kikombe cha chai amekalia kiti kilichochongwa na Augustino, ajue asijue.

Sasa tuje nyumbani.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, katika Khurasan, mwaka 450 wa Hijra, sawa na 1058. Wasimulizi wanasema baba yake alikuwa msokota sufi maskini, aliyefariki na kuwaacha wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, katika mikono ya rafiki yake mchaji. Na kwamba kile kidogo alichowaachia kilipokwisha, yule mlezi aliwashauri wajiunge na madrasa ili wapate chakula. Kwa hiyo Hujjatul Islam, kama tunavyomwita, aliingia katika elimu kwa kutafuta mkate. Tusilisahau jambo hili tunapowacheka vijana wetu wanaochagua masomo kwa kuangalia mshahara.

Alisoma Nishapur kwa Imamu al-Juwayni. Mwaka 484 (1091), akiwa na umri wa miaka 33 hivi, Waziri Nidhamul Mulk alimteua kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Hapakuwa na kiti cha elimu kilichotukuka zaidi katika ulimwengu wa Kiislamu wa wakati ule. Alikuwa na wanafunzi 300. Mfadhili wake, Nidhamul Mulk, aliuawa mwaka 1092, na yako maoni ya wanahistoria kwamba hofu ya siasa ilikuwa na sehemu yake katika yaliyofuata. Yumkini. Lakini mwenyewe, katika kitabu chake cha al-Munqidh, ametuachia maelezo yake, na sisi tunamwachia mtu aeleze moyo wake.

Anasema aliitazama kazi yake iliyo bora kuliko zote, yaani kufundisha, akaitafuta nia iliyomo ndani yake. Akakuta haikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu peke yake. Kilichomsukuma ni kutaka jaha na kuenea jina lake. Wasomaji wataona kwamba neno alilolitumia, jaha, ndilo neno lile lile tulilolirithi katika Kiswahili chetu, nasi tunaliombea dua watoto walipate! Alijiona amesimama kwenye ukingo unaomomonyoka. Kwa karibu miezi sita, kuanzia Rajabu ya mwaka 488 (Julai 1095), akawa asubuhi anaazimia kuondoka na jioni azma imevunjika.

Kisha Mwenyezi Mungu akaufunga ulimi wake. Alijilazimisha afundishe japo siku moja, kuwaridhisha waliokuwa wakimjia, na neno halikutoka. Huzuni ikashuka moyoni, hata chakula na maji vikawa havipiti. Matabibu wakamwangalia, wakasema hili limetoka moyoni na dawa haina njia mpaka moyo utulie.

Walimu wenzetu mtatuelewa tukisema kwamba hapo tulifunga kitabu kwa muda. Mwalimu asiye na sauti ni nani? Ukiniondolea ubao na chaki... lakini safu hii haikuzoea kusema "mimi", na tusianze leo.

Akaondoka Baghdad mwezi wa Mfunguo Pili mwaka ule ule, Novemba 1095. Aliwaambia watu kuwa anakwenda Makka, huku moyoni amekusudia Sham, kwa kuogopa kwamba Khalifa na wenzake watamzuia. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake. Nafasi yake darasani aliishika nduguye Ahmad. Tunataka wasomaji waliangalie vizuri hilo la watoto, kwani tunajua yuko atakayekwenda kumwambia mkewe kwamba Mwalimu ameandika wanaume waache kazi. Mwalimu hakuandika hivyo. Kuwalisha watoto ni ibada, na Ghazali hakuwaacha wake na njaa.

Na watu je? Watu walisema. Walio mbali na Iraki walisema amekimbia kwa kuwaogopa watawala. Walio karibu, walioona jinsi watawala walivyomng'ang'ania akae, walisema ni jicho baya lililowapata Waislamu na wanavyuoni wao. Mtu ameacha cheo kwa ajili ya nafsi yake na Mola wake, na hakupatikana hata mmoja wa kuliamini hilo.

Damascus alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia humo mchana kutwa. Akaenda Baytul Muqaddas, akahiji, kisha wito wa watoto ukamrudisha kwao. Katika miaka hiyo ndimo kilimotoka Ihyaa, chenye vitabu 40 ndani yake, na kimoja kizima kati ya hivyo kinazungumzia ubaya wa jaha na riya. Anaichambua riya kama fundi wa saa: riya ya mwili, ya mavazi, ya maneno, ya matendo, na ile ya wenye wafuasi wengi. Mwaka 499 (1106) alirudi kufundisha, huko Nishapur. Na hapa ndipo penye jibu la yule kijana. Ghazali anasema kwamba ingawa amerudi katika kufundisha, yeye hajarudi. Kwani zamani alikuwa akiifundisha elimu ambayo kwayo jaha hupatikana, na sasa anaita kwenye elimu ambayo kwayo jaha huachwa. Kazi ni ile ile. Huenda na vitabu vilikuwa vile vile. Alifariki Tus mwaka 505, Desemba 1111.

Huyu alikuwa Mwislamu na yule Mkristo, na kati yao ipo miaka 700. Wote wawili walikuwa wakiishi kwa ulimi, na wote wawili ulimi uliwagomea walipokuwa juu kabisa ya ngazi. Hatusemi kwamba wanasema jambo moja. Augustino anamwambia mwanamume: wewe ni zawadi, acha kujitengeneza. Ghazali anamwambia: wewe ni mja, tazama unamfanyia nani. Kila mmoja na dini yake. Lakini wamelitambua donda moja, na donda hilo, ndugu zetu, liko hapa mtaani kwetu. Sasa tunafika kwenye sababu ya pili.

Majira ya baridi yaliyopita tuliingia katika maktaba ya mjini siku ya Jumanne, saa nne za asubuhi, kurudisha kitabu. Tukamkuta mwenzetu mmoja, mtu wa makamo, amekaa karibu na bomba la joto, koti la kazi mwilini na mfuko wa chakula chini ya meza. Hatulitaji jina lake. Ametupa ruhusa ya kuyasimulia haya, ila jina tusilitaje. Alikuwa msimamizi katika ghala la bidhaa. Alipotuona alisimama kama mwanafunzi aliyekamatwa. Tulipomuuliza, "Leo hukwenda kazini, mwanangu?" alijibu kuwa ana likizo. Jumanne ya pili tukamkuta tena, na ya tatu.

Kazi ilikuwa imekwisha tangu Oktoba. Ghala lilipunguza watu. Nyumbani hakusema. Kila asubuhi mkewe alimfungia chakula, naye akatoka saa kumi na mbili na nusu, akazunguka mpaka maktaba ifunguliwe. Kiinua mgongo alichopewa kilikuwa kidogo na kilikwisha. Kwao Unguja yuko mama mzee, na iko nyumba iliyofika kwenye madirisha ambayo ndugu zake wanaipiga picha kila wiki na kumtumia, "Kaka, fundi anasubiri." Msemo wetu wa kwamba mkono mtupu haulambwi alituambia yeye mwenyewe, huku akiviangalia viganja vyake.

Haya yote tungeyastahamili kuyasikia. Lililotuvunja ni hili. Katika ukurasa wa mwisho wa jarida hili huchapishwa kila mwezi majina ya wanaochangia mfuko wa msikiti na mazishi, na kiasi alichotoa kila mmoja, kuanzia mkubwa kushuka hadi mdogo. Jina la mtu huyu kwa miaka lilikuwa katika mistari mitano ya mwanzo. Alihofu kwamba likiteremka watu watauliza, na likikosekana watajua. Kwa hiyo Novemba na Desemba alikopa kwa kadi ya benki, kwa riba, ili alete mchango wa msikiti. Januari benki ilipokataa, akaacha kuja msikitini.

Orodha ile, wasomaji, ni sisi tuliyoipendekeza. Wakongwe wa kamati watakumbuka. Tulisimama katika mkutano tukasema kwamba watu wakiona majina wataamka, na kweli waliamka, michango ikapanda, na tukapongezwa kwa hekima yetu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hatukukumbuka siku ile hadithi ambayo sisi wenyewe tumeisomesha watoto mara nyingi, aliyoipokea Abu Huraira na iliyomo katika Sahihi Muslim, ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama: aliyeuawa vitani, aliyesoma na kusomesha Qur'ani, na tajiri aliyetoa. Kila mmoja ataulizwa amefanya nini, na kila mmoja atadai kuwa amefanya kwa ajili ya Mola wake. Naye ataambiwa amesema uongo, kwani alifanya ili isemwe kuwa ni shujaa, ni msomi, ni karimu, na hayo yamekwisha kusemwa. Yaani mshahara wake alikwisha kulipwa duniani, kamili, kwa sarafu aliyoitaka. Na sisi tukaanzisha ukurasa wa kulipia mshahara huo.

Tulikaa naye Jumanne nyingi. Hatukuwa na hotuba ya kumpa. Tulimsomea habari za Ghazali, kwa sababu kitabu kilikuwa mkononi, na alipofikia pale pa ulimi kufungwa akaomba turudie. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Maalim, na mkewe Ghazali? Yeye alijua?" Hatukujua la kumjibu. Tulimsimulia badala yake habari ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua, ya usiku ambao Mtume (s.a.w.) alirudi kutoka pangoni anatetemeka, akaomba afunikwe, akasema anaihofia nafsi yake. Bibi Khadija alimfahamu mumewe kwanza kwa kazi: ni yeye aliyempeleka Sham na bidhaa zake, na faida ikarudi. Lakini usiku ule hakuitaja safari ya Sham wala faida. Alimhesabia mengine kabisa: kwamba anaunga ukoo, anawabebea wanyonge mizigo yao, anamkirimu mgeni, anawasaidia waliofikwa na misiba. Tumeisomesha hadithi hiyo miaka mingi na hatukuwahi kuona lile lililoachwa mpaka tulipokuwa katika maktaba ile, mbele ya mtu anayetetemeka mwezi wa Februari karibu na bomba la moto.

Alimwambia mkewe siku ya Alhamisi. Tulingoja kwa wasiwasi. Ijumaa alikuja msikitini kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akakaa safu ya nyuma, na baada ya sala akatusimulia. Mkewe alikuwa akijua. Alijua tangu wiki ya tatu, kwa kuwa yeye ndiye anayefua, na mashati yalikuwa yakirudi na kola safi. Alikuwa akimfungia chakula kila asubuhi na akijua kwamba hakuna kazini. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba alikuwa akingoja mumewe arudi nyumbani.

Sasa amepata kazi ya usiku, si ya usimamizi, na ujira wake ni mdogo kuliko ule wa zamani. Deni la benki linalipwa pole pole, na wako waliosaidia ambao majina yao hayatachapwa popote. Nyumba ya Unguja ingali kwenye madirisha.

Tumemwandikia mhariri na kamati kuomba kwamba kuanzia toleo lijalo ukurasa wa mwisho uchapishe jumla ya michango peke yake, bila ya majina. Mhariri hajakubali. Anasema michango itashuka, na pengine anasema kweli. Paa la chumba cha kuoshea maiti linavuja na fundi hataki dua. Mkutano wa kamati utakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na yeyote mwenye rai, hata iliyo kinyume na yetu, aje aiseme.

Kijana aliyetuletea swali naye hakukaa kimya. Ameomba chumba cha nyuma cha msikiti kwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya sala ya Adhuhuri, kwa wanaume wanaotaka kuketi. Chai na mandazi ataleta yeye. Masharti ameyachukua kwa yule mwenzake wa kazini kama yalivyo: mtu ajitambulishe, na kazi isitajwe. Sisi tutakuwapo, in shaa Allah, na tumeomba zamu yetu iwe ya mwisho.